Asili ya Ndege na Idhini ya Mfugaji: Mhadhara juu ya Kware, Kanga na Sheria ya Wanyamapori nchini Kenya

Sheria inayosimamia ufugaji wa ndege wa mawindo nyumbani huanza na swali ambalo mfugaji mwenyewe kwa kawaida halihesabu kuwa swali, nalo ni hili: ndege aliye bandani ametoka wapi? Kwa kuku swali hilo halina uzito, kwa kuwa hakuna anayedhani kwamba jogoo wa jirani alitolewa msituni. Lakini kwa kware, kanga, kwale au bata wa mwituni, jibu lake ndilo linaloamua kama mwenye banda ni mfugaji kama wafugaji wengine au ni mtu aliyeshika kiumbe ambacho sheria inakihesabu kuwa amana ya taifa. Mhadhara huu unalifuatilia jambo hilo kwa kutumia mfano wa Kenya, ambako katika miaka ya 2013 na 2014 watu wengi waliingia katika ufugaji wa kware kwa pupa, na familia ambazo hazikuwahi kuwa na shughuli yoyote na ofisi ya wanyamapori zikajikuta zinahitaji idhini yake ili kuweka vizimba nyuma ya jikoni. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba idhini ya aina hii ina haki ya kuwepo pale tu inapothibitisha asili ya ndege, na kwamba inapoiacha kazi hiyo na kugeuka hati ya kufanyia biashara, haimlindi ndege wa porini wala haimsaidii mfugaji.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza. Ndege wa mawindo ni wale ambao tangu zamani binadamu amewawinda kwa ajili ya kitoweo au kwa burudani, na ambao wengi wao ni wa jamii ya kuku, yaani ndege wenye miili mizito wanaoishi zaidi ardhini na kuruka kwa kushtuka, ingawa bata na njiwa wa porini nao huingizwa katika kundi hilo. Mfugaji wa ridhaa ni yule anayefuga kwa mapenzi yake, kwa idadi ndogo, nyumbani kwake, bila kutegemea ndege hao kwa riziki yote, hata kama huuza mayai machache kwa majirani. Leseni ni ruhusa ya kuendesha shughuli kwa muda uliotajwa, ilhali kibali ni ruhusa ya tendo moja, kama vile kusafirisha ndege kutoka kaunti moja hadi nyingine. Na pale ambapo tofauti hiyo haina umuhimu, neno idhini linatumika hapa kwa yote mawili.

Jina la kware lenyewe lina utata, na utata huo si wa wanaisimu peke yao. Katika Kiswahili cha pwani, kware au kwale ni ndege wa porini mwenye umbo la kuku mdogo, mkubwa kuliko yule anayeuzwa siku hizi kwa jina hilo, na ndege mdogo wa nyasini aliye mviringo huitwa tombo. Biashara ilipoanza kuvuma, jina la kware likahamia kwa ndege wa vizimbani anayeitwa kitaalamu Coturnix japonica, yaani kware wa Kijapani, na tangu hapo Mkenya anaposema kware humaanisha huyo. Nchini Kenya, hata hivyo, wapo tombo wa porini ambao si wa Kijapani: yupo Coturnix coturnix, ambaye baadhi yake huja kutoka kaskazini wakati wa baridi ya Ulaya na Asia, yupo Coturnix delegorguei, ambaye dume lake lina tumbo la rangi ya hudhurungi na baka jeusi kifuani, na ambaye huhamahama ndani ya Afrika akifuata mvua na mbegu za nyasi, na yupo yule mdogo kuliko wote, ambaye dume lake lina rangi ya samawati iliyokolea. Waluo humwita tombo wa porini aluru, na Waluhya humwita isindu. Sheria inayosema neno moja tu, kware, bila kueleza ni yupi kati ya hao, huwa tayari imekosea kabla mfugaji hajajaza fomu.

Aluru si mgeni katika maisha ya watu wa Siaya, Busia na maeneo jirani ya magharibi mwa Kenya. Kwa vizazi vingi watu wa huko wamemnasa kwa ustadi ambao ungestahili mhadhara wake wenyewe: ndege hai huwekwa katika vitundu vilivyosukwa kwa vijiti na nyuzi, vitundu hivyo hutundikwa juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani, na sauti ya ndege hao huwaita wenzao wanaopita usiku au alfajiri, ambao wakitua hukuta vitanzi vimetegwa katika vijia vya nyasini. Ndege wa kuitia hutunzwa nyumbani kwa uangalifu mkubwa, hulishwa na kunyweshwa kila siku, na mwenye ndege anayeita vizuri hujulikana kijiji kizima. Huo nao ni ufugaji wa ndege wa mawindo nyumbani, tena ni wa kale kuliko ofisi yoyote ya leseni. Sheria ya sasa ya Kenya, ambayo inaharamisha uwindaji hata ule wa kitoweo, haimpi mtegaji huyo nafasi yoyote, ilhali mtu wa mjini anayenunua kware wa Kijapani mia moja ana njia ya kuomba ruhusa. Tofauti hiyo inaweza kutetewa kwa hoja ya uhifadhi, kwa kuwa mmoja anapunguza ndege wa porini na mwingine hapunguzi. Lakini haiwezi kutetewa na yeyote anayedai kwamba ndege hao wawili ni kitu kimoja mbele ya sheria.

Historia ya sheria yenyewe inaeleza kwa nini mkanganyiko huo ulitokea. Katika enzi za ukoloni leseni ya ndege ilikuwa leseni ya kuwapiga risasi, na aliyefuga kanga uani hakuwa na umuhimu mkubwa kwa serikali. Baada ya uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Wanyamapori ya 1976, na mwaka uliofuata, 1977, serikali ikapiga marufuku uwindaji wa kimichezo nchini kote, ingawa uwindaji wa ndege kwa leseni uliachwa nje ya marufuku hiyo. Mwaka 1989 sheria hiyo ilirekebishwa ili kuunda Shirika la Huduma za Wanyamapori, linalojulikana kwa kifupi cha KWS, katika kipindi ambacho ujangili wa ndovu na faru ulikuwa umefikia hali ya kutisha. Shirika lililozaliwa kwa ajili ya kupambana na majambazi wenye bunduki za kivita ndilo hilo hilo lililorithi kazi ya kukagua vizimba vya kware, na haishangazi kwamba maafisa wake waliikabili kazi hiyo kwa zana na fikra za ulinzi, si za ugani, yaani huduma ya kumfundisha mfugaji shambani mwake.

Sheria mpya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ilipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 10 Januari 2014. Ufafanuzi wake wa neno mnyamapori unastahili kusomwa polepole, kwa sababu unajumuisha viumbe vya mwituni vyenye asili ya Kenya na pia aina zilizoletwa kutoka nje au zilizokwisha kujikita nchini. Sehemu ya kwanza haina tatizo. Sehemu ya pili iliwekwa, kwa dhahiri, ili kuipa serikali uwezo juu ya viumbe vigeni vinavyoweza kuenea na kuharibu mazingira, na kwa lengo hilo ni kifungu cha busara. Lakini kikisomwa neno kwa neno kinamkamata kware wa Kijapani, na kwa mantiki hiyo hiyo kingeweza kumkamata kuku, ambaye babu zake walitoka misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na bata mzinga, ambaye asili yake ni bara la Amerika. Hakuna aliyewahi kuwadai wauzaji wa kuku leseni ya wanyamapori. Kinachomtofautisha kuku na kware wa Kijapani ni mazoea tu, na mazoea si msingi wa kutosha wa kumpeleka mtu mahakamani.

Kware wa Kijapani alikuwa mfugo muda mrefu kabla ya kufika Afrika Mashariki. Wajapani walimfuga kwanza kwa ajili ya sauti yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kumchagua kwa ajili ya mayai, hata akapoteza karibu kabisa tabia ya kuatamia, kiasi kwamba jike la kizimbani hutaga yai na kuliacha, na mfugaji hulazimika kutumia mashine ya kuangulia au kumtwika kuku kazi hiyo. Mayai yake, yenye uzito wa takriban gramu 10, huanguliwa kwa siku 17 hivi, na kifaranga jike huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita au saba. Ndege asiyeweza hata kulea kizazi chake bila umeme au bila kuku ni mfugo kwa maana yote ya neno hilo, na kumwita mnyamapori kunahitaji maelezo ambayo sheria haikuyatoa.

Takwimu hizo za uzazi ndizo zinazoeleza pia jinsi mvumo wa 2013 ulivyoanguka, jambo ambalo wengi wamelielezea kana kwamba lilikuwa bahati mbaya. Mfugaji mwenye majike 10, kila mmoja akitaga mayai 20 tu kwa mwezi na nusu ya mayai hayo yakianguliwa na vifaranga wakapona, hupata ndege wapya 100 kila mwezi, ambao takriban 50 ni majike watakaoanza kutaga kabla ya miezi miwili kupita. Hakuna soko la kitoweo linaloweza kukua kwa kasi hiyo. Ilivumishwa kwamba mayai ya kware yanatibu pumu, kisukari, shinikizo la damu na hata saratani, madai yasiyokuwa na ushahidi wa kitabibu, na bei ya yai moja ikapanda hadi shilingi 100 katika baadhi ya sehemu. Lakini wanunuzi wengi wa mayai na vifaranga hawakuwa walaji, bali walikuwa watu waliotaka nao wawe wauzaji. Ilipofika mwaka 2014 kila aliyetaka kufuga alikuwa ameshafuga, wanunuzi wakaisha, na bei ikaporomoka hadi shilingi chache, huku ndege wakiendelea kula kila siku chakula cha kununua.

Katika hali hiyo idhini ya KWS ilifanya kazi ambayo waliotunga sheria hawakuikusudia. Vyombo vya habari viliwakumbusha wananchi mara kwa mara kwamba kware hafugwi bila idhini, na kwa hiyo mwenye karatasi alikuwa na kitu cha kuuza zaidi ya ndege: alikuwa na uhalali. Mwombaji alipeleka maombi yake kwa ofisi ya wanyamapori, maafisa wakakagua banda kuona kama lina nafasi, hewa na usalama, kisha akaruhusiwa kununua ndege wake wa kwanza kutoka kwa mfugaji ambaye tayari ana idhini. Sharti hilo la mwisho ni zuri kabisa linapohusu ndege wa porini, kwa kuwa linaziba njia ya kunasa. Linapomhusu kware wa Kijapani, ambaye hana pori la kunaswa nchini Kenya, matokeo yake ni kuwapa waliotangulia soko la lazima la wanaofuata. Wananchi wengi, tena watu waangalifu waliokopa kwenye vyama vya akiba au kutumia malipo ya kustaafu, waliuona mhuri wa serikali na kudhani kwamba serikali imeichunguza biashara na kuiona ni salama. Mhuri ule ulihusu banda tu, si soko, na hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo kwa lugha wanayoielewa. Kosa hili linauma kwa sababu lingeweza kuepukwa kwa sentensi mbili za Kiswahili chepesi juu ya hati yenyewe.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao haukuzungumzwa vya kutosha, nao ni wa kikatiba. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali ya taifa na serikali za kaunti: ulinzi wa wanyamapori umebaki kwa serikali ya taifa, ilhali ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo umepewa kaunti. Kwa hiyo swali la kama kware ni mnyamapori au ni mfugo si la kitaaluma peke yake, kwa kuwa jibu lake huamua ni ofisi ipi yenye mamlaka, ni nani anayepokea ada, na zaidi ya yote ni nani anayewajibika kumfundisha mfugaji namna ya kulisha, kutenga wagonjwa na kutupa mizoga. Serikali za kaunti zilikuwa zimeanza kazi mwaka huo huo wa 2013, zikiwa bado zinatafuta ofisi na watumishi, na ndege huyo akaangukia katika ufa uliokuwa katikati: ofisi ya wanyamapori ilikuwa na mamlaka lakini haikuwa na mabwana mifugo, na ofisi ya mifugo ya kaunti ilikuwa na mabwana mifugo lakini haikuwa na sababu ya kisheria ya kumhesabu kware kuwa wake.

Kanga analeta swali gumu zaidi, na mtu anayetaka kufuta idhini zote kwa mkupuo anapaswa kumtazama ndege huyu kwanza. Kanga mwenye pembe kichwani, anayeitwa kitaalamu Numida meleagris, ni ndege wa Afrika, ambaye madoa yake meupe yanasemekana ndiyo yaliyolipa jina vazi la kanga la pwani. Amefugwa tangu kale, hasa Afrika Magharibi, na wapo wa kufugwa wenye rangi nyeupe au ya zambarau hafifu ambao hawafanani tena na wa porini. Lakini kanga wengi wanaoonekana nyuani katika Kenya na Tanzania ni wale wale wa porini kwa rangi, umbo na tabia. Njia ya kuwapata ni rahisi mno. Mchungaji huona kiota chini ya kichaka, hukusanya mayai, huyaweka chini ya kuku anayeatamia, na baada ya siku 26 hadi 28 vifaranga hutoka wakimfuata kuku kama mama yao. Hakuna mtego, hakuna risasi, hakuna damu, na mwenye kufanya hivyo huamini kwa moyo safi kwamba hajamdhuru yeyote, wakati kizazi kizima cha mwaka huo kimeondolewa porini, na vifaranga wengi, ambao hawavumilii unyevu na baridi katika wiki za mwanzo, hufa kabla ya kuota manyoya kamili.

Hapa ndipo idhini inapostahili jina lake. Kanga aliyeanguliwa na wazazi wa kufugwa na kanga aliyeanguliwa na yai la kuokota hawatofautiani kwa macho, na hakuna afisa, hata awe na uzoefu gani, anayeweza kuwatenganisha kwa kuwatazama. Kinachowatenganisha ni kumbukumbu: risiti ya mahali waliponunuliwa, daftari linaloonyesha waliozaliwa, waliokufa na waliouzwa, na pete ya mguuni anayovishwa kifaranga akiwa bado mdogo. Sheria ya Kenya inaihesabu nyara, yaani kiumbe cha porini au sehemu yake kama vile unyoya, ngozi au mfupa, kuwa kitu kisichoshikwa bila kibali, na adhabu iliyowekwa katika sheria ya 2013 kwa kukutwa na nyara bila idhini ilianzia faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitano. Adhabu hiyo iliandikwa kwa kuwafikiria wenye pembe za ndovu. Mfugaji wa kanga sita anayepoteza daftari lake hastahili kuishi chini ya kivuli hicho, na ni vigumu kuamini kwamba hakimu yeyote angefurahia kuitoa.

Nchini Marekani tatizo hilo la kutotofautisha kwa macho limetatuliwa kwa njia ambayo huenda ikawashtua wengi. Bata wa mwituni anayeitwa Anas platyrhynchos analindwa na Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ya 1918, lakini pia hufugwa kwa wingi, na kanuni za serikali kuu zinamruhusu mwananchi kumfuga mradi ndege awekewe alama ya kudumu akiwa bado kifaranga: kidole cha nyuma cha mguu wa kulia kikatwe, au bawa moja lipunguzwe mfupa, au avishwe pete ya chuma isiyo na mwungo, au ngozi ya mguu ichanjwe chale. Mtu anaweza kuchukizwa na kukata kidole, na pete ingetosha, lakini wazo lenyewe ni sahihi, kwa sababu ushahidi wa asili unabebwa na ndege mwenyewe wala hautegemei kumbukumbu ya mtu. Vilevile majimbo mengi ya nchi hiyo humdai leseni anayefuga tombo wa Kimarekani, Colinus virginianus, ambaye ni wa porini huko, lakini humwacha kware wa Kijapani nje ya orodha ya ndege wa mawindo, kwa kuwa hana jamaa wa porini anayeweza kuibiwa kwa jina lake. Nchini Kenya wote walitiwa katika kapu moja.

Si kwamba kware wa Kijapani hana madhara popote. Nchini Hispania, hasa Katalonia, na katika sehemu nyingine za kusini mwa Ulaya, kware wa Kijapani waliofugwa mashambani waliachiliwa makusudi ili wawindwe, na tangu miaka ya 1990 watafiti wamethibitisha kwamba walizaana na tombo wa porini, Coturnix coturnix, na kuzaa chotara wanaotiliwa shaka kama wanaweza kuhama kama wazazi wao wa porini. Tombo huyo huyo hufika Kenya. Kwa hiyo lipo sharti moja ambalo kila mfugaji wa kware anapaswa kubanwa nalo bila huruma, nalo ni kutomwachilia ndege hata mmoja. Na sharti hilo halihitaji leseni ya mwaka mzima, ukaguzi wa banda wala safari tatu hadi makao makuu.

Suala la magonjwa limekuwa likichanganywa na suala la idhini, na kuyatenganisha kungewapunguzia watu mzigo mkubwa. Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, hauulizi kama banda lina leseni. Mafua ya ndege yaliyoripotiwa Uganda mnamo Januari 2017, kwanza kwa ndege wa porini katika ghuba ya Lutembe kando ya Ziwa Victoria, yaliifanya Kenya izuie mara moja kuku na mayai kutoka nchi hiyo, na katika tahadhari ya aina hiyo kinachohitajika ni kujua ndege wako wapi, ni wangapi na ni wa nani. Kware anahitaji uangalizi wa pekee katika jambo hili, kwa kuwa seli zake zinaweza kupokea virusi vya mafua vya ndege na pia vile vinavyowapata wanyama wanyonyeshao. Lakini kazi hiyo ni ya usajili, yaani kuandikisha, wala si ya kuruhusu. England na Wales zimeonyesha tofauti hiyo vizuri: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mwenye ndege, hata mmoja, analazimika kuandikisha, isipokuwa wale wanaofungiwa ndani ya nyumba wakati wote, ilhali hapo awali sheria iliwahusu wenye ndege 50 na kuendelea, na mwenye kware bandani haombi ruhusa ya kuwa naye, anatoa taarifa tu kwamba anaye. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya Kenya, ambayo tayari inadhibiti usafirishaji wa mifugo kwa vibali, ingeweza kubeba usajili wa namna hiyo bila Bunge kutunga sheria mpya kabisa.

Tanzania inatoa funzo la aina nyingine. Huko maneno nyara za serikali yanajulikana hata kwa mtoto wa shule, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamtaka aliyekutwa nazo aonyeshe kwamba anazo kihalali, badala ya kumwachia mshtaki kazi ya kuthibitisha kinyume chake. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, ndege wakiwemo, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu utoroshaji. Ukali huo una sababu zake, lakini unaweka mzigo wa ushahidi juu ya mabega ya mtu asiyejua kwamba anapaswa kutunza ushahidi, na mwanakijiji aliyelelewa akiona kanga uani kwa babu yake hana risiti wala pete. Kwa mtu huyo ukali bila maelezo ni mtego mwingine tu.

Utaratibu wa haki kwa mfugaji wa ridhaa ungeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Kware wa Kijapani angehamishiwa kwenye orodha ya mifugo, asajiliwe katika ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuku, na mwenye kumwachilia porini aadhibiwe. Kanga, kwale na bata wa porini wangebaki chini ya KWS, lakini leseni yao igawanywe kwa ukubwa, mwenye ndege wasiozidi ishirini ajaze fomu fupi ya Kiswahili katika ofisi iliyo karibu naye, apewe pete kwa bei ndogo pamoja na daftari, na aambiwe wazi kwamba yai la kuokota haliruhusiwi hata kama kuku ndiye aliyeliatamia. Kwa waliokuwa na kanga tayari, kipindi cha msamaha kingehitajika ili wajitokeze bila hofu, kwa kuwa anayeogopa kukamatwa hatamleta kanga wake kuvishwa pete.

Ukurasa huo ungehitaji pia sehemu ambayo taratibu za utoaji wa leseni huisahau kwa urahisi, nayo ni ile ya siku ya kuacha. Mwaka 2014 mfugaji mwenye kware mia tano wasionunulika alikuwa na njia chache: kuwachinja, kuwagawa, kuwaacha wafe njaa, au kufungua kizimba na kuwaacha waende. Afisa aliyekuja kukagua banda kabla ya ndege kuingia hakuwa na sababu ya kurudi siku walipotoka, na hiyo ndiyo siku ambayo tombo wa porini, anayekuja Siaya na mvua kila mwaka na kuitwa na ndege wenzake kutoka juu ya miti, alimhitaji zaidi. Fomu ya idhini ingeuliza tangu mwanzo ndege watapelekwa wapi biashara ikifa au mapenzi yakiisha, iandikwe namba ya simu ya ofisi ya mifugo itakayowapokea au kusimamia uchinjaji, na jibu hilo litiwe saini siku ile ile ambayo mwombaji angali na furaha ya kuanza.